Fimbo Laini na Chambo cha Kuzamia: Historia ya Zana za Kuvulia Besi Nchini Marekani

Historia ya zana za uvuvi wa burudani nchini Marekani husimuliwa mara nyingi kama mfululizo wa maendeleo yasiyorudi nyuma: mwanzi uliondolewa na chuma, chuma kikaondolewa na faibaglasi, faibaglasi ikaondolewa na nyuzi za kaboni, na kila malighafi iliyofika ikahesabiwa kuwa bora kuliko iliyotangulia. Katika tawi moja la uvuvi huo, yaani uvuvi wa besi kwa chambo cha kuzamia, masimulizi hayo hayasimami. Wavuvi stadi waliokwisha kuzipata fimbo za kaboni, nyepesi na kali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, waliziweka kando kwa kazi hiyo na kuirudia faibaglasi ambayo maduka yalikuwa yameanza kuitoa rafuni. Uamuzi huo hauwezi kuelezwa kwa mapenzi ya mambo ya kale, kwa kuwa walioufanya walikuwa watu wa mashindano ambao riziki yao ilitegemea uzito wa samaki waliofikishwa mizanini. Maelezo yake yamo katika umbo la chambo chenyewe na katika namna besi anavyokula.

Besi anayehusika ni samaki wa maji baridi mwenye asili ya Amerika Kaskazini, ambaye kwa muda mrefu wanasayansi wamemwita Micropterus salmoides, na ambaye hutofautishwa na jamaa yake mwenye mdomo mdogo kwa taya linalopita nyuma ya jicho. Huyu ni mwindaji wa kuvizia: hujificha penye visiki, mawe au majani ya majini, kisha hufumbua kinywa ghafla na kufyonza maji pamoja na windo lililomo ndani yake. Chambo cha kuzamia, ambacho wavuvi hukiita krenkibeti, ni kisamaki cha mti au plastiki chenye ulimi mgumu uliochomoza chini ya pua. Kinapovutwa, maji huusukuma ulimi huo, kichwa kikainama na mwili ukayumba kushoto na kulia, hivyo chambo hupiga mbizi na kutikisika kwa nguvu ya mvuto peke yake. Tumboni na mkiani hubeba ndoana za matawi matatu, ambazo ni nyembamba na fupi zikilinganishwa na ndoana moja nene inayotumiwa kwa chambo cha mnyoo wa plastiki. Ulimi na wembamba wa ndoana ndivyo vilivyoamua, kwa muda wa karne nzima, aina ya fimbo, rili na mshipi uliofaa kuambatana navyo.

Kabla ya kuwapo chambo hicho ilikuwapo rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye mpini wa fimbo. Mwanzoni mwa karne ya 19, George Snyder, fundi wa saa na fedha katika mji wa Paris, jimboni Kentucky, alitengeneza rili yenye meno ya gia yaliyoufanya mzunguko mmoja wa mkono kuwa mizunguko kadhaa ya kigurudumu. Ndugu wawili wa ukoo wa Meek, mafundi wa saa wa Frankfort katika jimbo hilohilo, waliiendeleza kazi hiyo kuanzia miaka ya 1830, na rili za Kentucky zikajulikana kwa usahihi uliotokana na ufundi wa saa. Uwiano wa gia, yaani idadi ya mizunguko ya kigurudumu kwa kila mzunguko mmoja wa mkono, ulikuwa takriban nne kwa moja, na kiasi hicho kidogo kinafaa kukumbukwa, kwa sababu miaka mia moja na hamsini baadaye wavuvi wa chambo cha kuzamia walikuwa bado wanakitafuta kitu kinachokaribiana nacho.

Fimbo za zama hizo zilikuwa ndefu, nyingi zikirithi vipimo vya Uingereza vilivyofaa samaki wa mito ya kule. Daktari James Alexander Henshall, aliyechapisha kitabu chake kuhusu besi mwaka 1881, alidai kwamba samaki huyu wa Kimarekani alistahili zana zake mwenyewe, akapendekeza fimbo fupi zaidi, ya futi nane na kitu, iliyo nyepesi na inayopinda kwa ulaini. Mafanikio ya Henshall hayakuwa ya vipimo tu, kwa maana kabla yake waungwana wa pwani ya mashariki waliwathamini trauti na samoni peke yao na kumdharau besi kuwa samaki wa watu wa bara. Baada ya kitabu hicho kiwanda kilichotengeneza zana za besi kilikuwa na hadhira iliyo tayari kulipa.

Malighafi ya fimbo bora wakati huo ilikuwa mwanzi uliopasuliwa katika vipande virefu, vikachongwa na kugandishwa kwa gundi hadi kuwa ufito mmoja wenye pande sita. Mwanzi huo hupinda polepole kutoka nchani hadi karibu na mpini, na hurejea katika hali yake bila haraka. Pembeni mwake, kuanzia mwaka 1887, zilikuwapo fimbo za chuma zilizobuniwa na Everett Horton wa Bristol, Connecticut, ambazo zilikuwa nzito na zilishika kutu, lakini ziliuzwa kwa bei iliyowafikia wafanyakazi wa viwandani. Wapenzi wa mwanzi walizicheka fimbo hizo za chuma, ila kwa uvuvi wa chambo chenye upinzani majini hazikuwa mbaya kama walivyodai, kwa kuwa nazo zilipinda kwa urefu wao wote.

Chambo cha mti kilianza kuwa biashara mwishoni mwa karne ya 19. James Heddon, mfuga nyuki wa Dowagiac, Michigan, ndiye anayetajwa zaidi kama mwanzilishi, na mwanzoni mwa karne ya 20 familia yake ilikuwa na kiwanda kilichotuma bidhaa nchi nzima. Vyambo vyake vya kwanza, hata hivyo, vilielea juu au kusogea chini ya maji kwa panga ndogo za chuma zilizozunguka. Hatua iliyoleta kizazi kipya ilifanyika Garrett, Indiana, ambako kampuni ya Creek Chub ilianza kuuza mwaka 1916 chambo chenye ulimi wa chuma puani, na Henry Dills, mmoja wa waanzilishi wake, akapata hataza ya ulimi huo mwaka 1920. Kuanzia hapo mvuvi hakuhitaji kukitikisa chambo kwa kuchezesha fimbo. Alihitaji kuzungusha mkono wa rili kwa mwendo usiobadilika, nao ulimi ukafanya yaliyobaki. Kazi ya fimbo nayo ikabadilika bila mtu kuitangaza: badala ya kukipa chambo uhai, fimbo sasa ilipaswa kuubeba uzito wa maji yanayousukuma ulimi na kumngoja samaki. Ni kwa chambo cha Creek Chub kwamba George Perry, kijana mkulima wa Georgia, alimvua tarehe 2 Juni 1932 besi wa ratili 22 na aunsi 4, sawa na kilo 10.09, rekodi ambayo haikufikiwa hadi Manabu Kurita alipomvua wa uzito unaolingana naye katika ziwa Biwa, Japani, tarehe 2 Julai 2009.

Mabadiliko mawili makubwa yaliyofuata hayakutoka kwa wavuvi. La kwanza lilikuwa la maji yenyewe. Serikali ya Marekani iliunda mwaka 1933 mamlaka ya bonde la mto Tennessee, ijulikanayo kwa herufi TVA, ili kuzuia mafuriko na kuzalisha umeme, na bwawa lake la kwanza, Norris, likakamilika mwaka 1936. Katika miongo iliyofuata mamia ya mabonde ya kusini yaligeuzwa maziwa, na chini ya maji hayo yakabaki barabara, kingo za mito ya zamani na visiki vya miti iliyokatwa, yote yakiwa maficho ambayo besi aliyapenda kuliko mito alikotoka. Inafaa kusemwa wazi kwamba maziwa hayo yaliyafunika pia mashamba na makaburi ya watu walioondolewa kwa amri, na kwamba sehemu kubwa ya uvuvi wa besi wa kisasa imesimama juu ya makazi yao. La pili lilikuwa la kemia. Kampuni ya DuPont iliitangaza nailoni mwaka 1938, na muda mfupi baadaye mshipi wa uzi mmoja wa nailoni ukaanza kuuzwa badala ya hariri iliyosukwa, ambayo ilihitaji kuanikwa kila jioni ili isioze. Nailoni ilikuwa nyembamba, haikuoza, na ilinyumbuka, yaani ilirefuka ilipovutwa kabla ya kukatika, sifa ambayo ilionekana kuwa kasoro katika aina nyingine za uvuvi lakini ikawa msaada mkubwa kwa chambo chenye ndoana ndogo.

Faibaglasi iliingia katika uvuvi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Arthur Howald, mwanakemia aliyefanya majaribio ya kuunganisha nyuzi za kioo na resini, yaani gundi ngumu ya viwandani, aliupeleka ubunifu wake kwa kampuni ya Shakespeare ya Kalamazoo, Michigan, ambayo ilianza kuuza fimbo zake mwishoni mwa miaka ya 1940. Vita vya Korea viliiharakisha safari hiyo, kwa kuwa zuio la biashara na China kuanzia mwaka 1950 lilikata njia ya mwanzi bora uliokuwa ukitoka Guangdong. Fimbo ya faibaglasi haikuhitaji matunzo, ilivumilia kukanyagwa na kugongwa kwenye mtumbwi, na ilipinda kwa namna iliyofanana na mwanzi, kutoka nchani hadi katikati na zaidi. Wakati huohuo rili za Ambassadeur kutoka Svängsta, Uswidi, zilileta usahihi wa mafundi wa Kentucky kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kujinyima na kuifikia. Kufikia mwaka 1960 mvuvi wa kusini mwa Marekani alikuwa tayari na zana iliyofaa kwa chambo cha kuzamia, ingawa hakuichagua kwa ajili hiyo. Alikuwa nayo kwa sababu dukani hapakuwa na nyingine.

Kilichokosekana kilikuwa chambo kinachostahili zana hiyo, nacho kilitoka kwa mchongaji mmoja wa mashariki mwa Tennessee. Fred Young, aliyeishi jirani na maji yaliyozuiwa na bwawa la Norris, alichonga mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa kisu na mti mwepesi wa balsa, chambo kinene na kifupi chenye ulimi uliokatwa mraba, akakiita Big O kwa jina la ndugu yake Odis. Balsa ina wepesi unaoifanya ielee kwa nguvu, hivyo chambo cha Young kilipogonga kisiki hakikunasa, bali kiliruka pembeni na kuanza kupanda, na katika mruko huo wa ghafla ndipo besi alipokishambulia. Wavuvi wa mashindano walivitafuta vyambo hivyo kwa siri na kwa bei kubwa, na inasimuliwa kwamba waliovikosa walivikodi kwa siku. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Cotton Cordell wa Hot Springs, Arkansas, aliinunua haki ya kukitengeneza kwa plastiki na kuuza zaidi ya milioni moja kwa muda mfupi sana. Kampuni nyingine zilifuata kwa kasi, na jina la krenkibeti likaenea pamoja na umbo hilo. Katika vitabu vingi Young hupewa sentensi mbili, baada ya kurasa nyingi za viwanda na wamiliki wake, na huo si uwiano wa haki, kwa sababu kila chambo cha ulimi wa mraba kinachouzwa leo kinatoka, kwa hatua chache tu, mikononi mwake.

Ubunifu huo ulikutana na mashindano yaliyokuwa yakianza. Ray Scott, wakala wa bima kutoka Montgomery, Alabama, aliandaa shindano lake la kwanza katika ziwa Beaver, Arkansas, Juni 1967, akaunda chama cha wavuvi wa besi mwaka uliofuata, na mwaka 1971 akaanzisha fainali ya kila mwaka iitwayo Bassmaster Classic. Mashindano yalifanya jambo ambalo karne nzima ya uvuvi haikuweza kulifanya: yalihesabu samaki waliopotea. Mvuvi wa Jumamosi aliyeponyokwa na besi aliondoka na hadithi, lakini mshindani aliyeponyokwa na wawili katika siku tatu aliweza kuona kwenye ubao wa matokeo ni fedha kiasi gani zilizoondoka nao, na hivyo akalazimika kuuliza kwa nini.

Swali hilo lilizuka wakati ambapo nyuzi za kaboni zilikuwa zinaingia. Maabara ya utafiti wa ndege ya Farnborough, Uingereza, ilikuwa imepata katika miaka ya 1960 njia ya kutengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu nyingi, na mwanzoni mwa muongo uliofuata kampuni ya Fenwick iliuza Marekani fimbo za kwanza za malighafi hiyo. Unyuzi wa kaboni wa kawaida una ukakamavu, yaani uwezo wa kukataa kupindishwa, unaozidi ule wa unyuzi wa kioo kwa takriban mara tatu, hali uzito wake ukiwa pungufu kwa karibu theluthi moja. Fimbo yake ilipinda nchani tu, ikarejea upesi, na ikamfikishia mvuvi mkononi kila mguso wa chini ya maji. Kwa mnyoo wa plastiki wenye ndoana moja nene, inayohitaji kusukumwa kwa nguvu kupita plastiki na mfupa wa taya, hapakuwa na kifaa bora zaidi, na ni haki kwamba faibaglasi iliondoka katika kazi hiyo ndani ya miaka michache.

Kwa chambo cha kuzamia sifa zilezile ziligeuka. Besi anayekifuata chambo kinachokimbia hufyonza akiwa nyuma au pembeni mwake, na huhitaji kitambo kifupi ili kinywa kifumbe na mwili ugeuke. Fimbo kakamavu ikishikwa na mvuvi mwenye hisia za haraka hukinyakua chambo kabla ya kitambo hicho kuisha, na ndoana hukwaruza ukingo wa mdomo badala ya kuingia ndani. Hata inapoingia, tawi la ndoana nyembamba hushika nyama kidogo tu, na besi anaporuka juu ya maji na kutikisa kichwa, fimbo isiyonyumbuka hulifanya tundu liwe pana hadi ndoana ichomoke. Fimbo ya faibaglasi hukawia kujibu, na kukawia huko, kulikotangazwa na wauzaji wa kaboni kuwa udhaifu, ndiko kulikompa samaki muda wa kufumba kinywa, na ndiko kulikoendelea kuubana mshipi katika kila mruko. Rick Clunn wa Texas, aliyeshinda Bassmaster Classic mwaka 1976, 1977, 1984 na 1990, alikuwa miongoni mwa walioitetea faibaglasi hadharani wakati ambapo karibu kila tangazo lilisema kinyume. David Fritts wa North Carolina aliyeshinda fainali ya 1993 katika ziwa Logan Martin, Alabama, kwa vyambo vya kuzamia alivyoviburuza kwenye miinuko ya chini ya maji, aliufanya ulaini wa fimbo kuwa msingi wa mafundisho yake.

Urefu wa fimbo ulibadilika kwa sababu tofauti. Fimbo za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa za futi tano na nusu hivi, zenye mpini mfupi wa kushikwa kwa mkono mmoja, na zilitosha kwa vyambo vya kina kifupi. Lakini chambo hakifiki chini kwa mara moja. Hushuka kwa mteremko, hutembea kidogo katika kina chake cha mwisho, kisha hupanda kinapokaribia mtumbwi, na hivyo anayerusha mbali zaidi ndiye anayekiweka muda mrefu penye samaki. Paul Elias wa Mississippi alishinda fainali ya 1982 katika mto Alabama kwa kupiga magoti mtumbwini na kuizamisha fimbo yenyewe majini ili kuongeza kina. Wengine walilitafuta jibu katika fimbo za futi saba na kupita, zenye mpini wa mikono miwili, ambazo hurusha mbali bila kuuchosha mkono, na urefu huo ndio ulioshinda.

Rili ilipitia mvutano kama huohuo. Kuanzia miaka ya 1970 viwanda, vikiongozwa na watu kama Lew Childre wa Foley, Alabama, vilipandisha uwiano wa gia ili mvuvi wa mnyoo aukunje mshipi uliolegea kwa haraka, na leo rili za nane kwa moja zinapatikana katika kila duka. Kasi hiyo hulipiwa kwa nguvu, kwa kuwa gia inayokunja mshipi mwingi kwa mzunguko mmoja humdai mvuvi nguvu zaidi, na chambo chenye ulimi mrefu kinachovutwa kutwa nzima huyaumiza mabega. Kwa hiyo wavuvi wa vyambo vya kina kirefu walibaki na rili za tano kwa moja, jirani kabisa na kipimo cha mafundi wa Kentucky, na viwanda vikalazimika kuendelea kuzitengeneza. Mshipi nao ulichaguliwa kwa unene kabla ya nguvu, kwa sababu uzi mnene husukumwa na maji na kukizuia chambo kushuka, hivyo ratili 10 au 12 zikawa kipimo cha kawaida. Florokaboni, iliyoanza kama uzi wa wavuvi wa Japani mwaka 1971, ilipendwa baadaye kwa kuwa ni nzito kuliko maji na huzama pamoja na chambo, ilhali uzi uliosukwa kwa nyuzi za polithini, usionyumbuka ila kidogo sana, ulikataliwa na wengi kwa hoja ileile iliyoikataa fimbo kakamavu.

Fimbo nyingi zinazouzwa sasa kwa kazi hii ni mchanganyiko: nyuzi za kioo na za kaboni huviringishwa pamoja ili uzito upungue bila ulaini kupotea, au kaboni yenye ukakamavu mdogo hupangwa ipinde hadi katikati. Ni maafikiano ya heshima, japo mvuvi aliyezoea faibaglasi tupu huitambua tofauti katika samaki wa kwanza.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki historia hii ina tawi lililo karibu. Besi mwenye mdomo mkubwa aliletwa katika ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929, akaongezwa tena katika miongo iliyofuata, na tangu mwaka 1959 akawa sehemu ya uvuvi wa nyavu wa kibiashara pamoja na sato. Mwaka 1970 aliletwa pia kamba mwekundu wa maji baridi mwenye asili ya kusini mwa Marekani, ambaye aliongezeka sana na kuwa chakula kikuu cha besi wakubwa, hivyo mwindaji na windo waliojuana katika vinamasi vya Louisiana wakakutana tena bondeni mwa Ufa. Rangi nyekundu yenye mistari myeusi ambayo viwanda vya Marekani huvipaka vyambo vyao kwa kumwiga kamba huyo ina maana hiyohiyo Naivasha. Ziwa hilo, hata hivyo, ni la kina kifupi na lenye majani mengi, kwa hiyo ulimi mrefu wa kuzama mita tano hauna kazi nyingi humo, na chambo kinachofaa ni kile kifupi cha ulimi wa mraba alichokichonga Fred Young, kwa fimbo ya faibaglasi yenye futi saba hivi, mshipi wa nailoni, na rili ya sita kwa moja inayokitoa chambo majanini kabla hakijanasa.